Nilivyovuka Ruvuma Kwenda Kumtukana Mzee Amadi

Watu huvuka mipaka kwa sababu za heshima. Kuna wanaokwenda kusoma, kuna wanaokwenda kutibiwa, na wenye bahati huenda kuhiji. Mimi nilivuka Ruvuma kwenda kumtukana marehemu. Tangu nirudi hapa Mtwara kila ninayekutana naye sokoni ana habari yake kuhusu safari hiyo, na hakuna mbili zinazofanana, kwa hiyo nimeona bora niieleze mwenyewe toka mwanzo. Wanaotaka kunisema waendelee, ila wanisemee mambo niliyoyafanya.

Sababu ya safari ilikuwa sauti ya Mwanasha kwenye simu. Mwanasha ni binti wa Mzee Amadi wa Kionga, upande wa Msumbiji, na Mzee Amadi alikuwa mtani wetu. Sisemi utani wa kuchekana barabarani. Babu yake na babu yangu walikuwa wakipelekeana bidhaa. Wa kwetu alipeleka nguo na sabuni, wa kwao alileta mikeka na pweza mkavu. Katika kulala na kula majumbani mwao miaka na miaka, koo mbili zikawa watani. Toka hapo mimi nina ruhusa ya kuingia uani kwao nikakamata kuku bila kuomba, na wao wana ruhusa ya kuniita mchawi mbele ya wateja wangu. Hakuna kununa. Atakayenuna ndiye mwenye makosa. Na biashara ikapita mlango huo huo. Nilikuwa nikimpa dereva yeyote furushi la kanga na kumwambia, "Mpelekee yule mchoyo Amadi," na furushi lilifika, hata kwa dereva ambaye nisingemwachia kijiko changu.

Kazi kubwa ya mtani, lakini, ni msibani. Kwenye msiba wa watani zako huna ruhusa ya kulia. Wenyewe watalia, wewe kazi yako ni kuchimba kaburi kama wewe ni mwanamume, kupika kama wewe ni mwanamke, na kumsema marehemu mpaka wafiwa wacheke. Baba yangu alipofariki, Mzee Amadi alivuka mto, akavaa koti la baba, akazunguka uani kwa mwendo wa baba huku akiwauliza waombolezaji nani amemmalizia chai yake. Mama alikuwa hali wala hasemi tangu mazishi. Alicheka mpaka akajishika ubavu, kisha akaomba uji. Kuna majirani waliosema yule mzee wa Msumbiji hana adabu. Mimi niliuona uji ukinywewa, sikuwa na swali.

"Mtani," Mwanasha aliniambia kwenye simu, "mzee ametutoka. Njoo kabla hatujasoma arobaini. Ila ujue, kaka hataki."

Kaka ni Momadi, mwalimu wa hesabu. Ujana wake umekwenda kusini, Pemba ya huko huko Msumbiji, walikokimbilia wakati wa vita baada ya nyumba yao ya Kionga kuchomwa. Amerudi na cheti, ndevu na msimamo. Msimamo wenyewe ni kwamba utani wa msibani ni kumsingizia maiti, kumsingizia mtu ni uongo, na uongo ni dhambi; basi, hesabu imeisha. Arobaini ikisomwa bila mtani, alikuwa amewaambia ndugu zake, mambo ya watani yafungwe, na watu wa Mtwara wabaki kuwa wauzaji na wanunuzi kama watu wengine. Mwanasha alinieleza haya kwa kunong'ona, nadhani alikuwa jikoni na kaka yake yuko uani. Nilielewa vizuri kabisa. Kama nisingefika, kilichofungwa na babu zetu kingefukiwa pamoja na Mzee Amadi, na aliyeshika jembe ningekuwa mimi.

Nikafunga duka, nikamwambia mume wangu mchele uko wapi.

Asubuhi ya safari niliondoka Mtwara kabla jua halijachomoza, na begi lenye doti za kanga, miche ya sabuni na majani ya chai. Ndani ya basi, njia yote ya kwenda Kilambo mpakani, nilikuwa nafanya mazoezi. Matusi ya msibani si ya kuropoka. Yanataka mpangilio, uanze na dogo, upande. Nilikuwa nimefika pale ninapomwambia marehemu kwamba hata kuzimu watamrudisha kwa ubahili wake, nikagundua nimepaza sauti. Mama aliyekuwa amekaa pembeni yangu alichukua kikapu chake akaenda kukaa nyuma, na kutoka nyuma akaendelea kunitazama hadi mwisho wa safari.

Mtoni tulikuta maji yamepungua na kivuko kimelala juu ya mchanga. Tukavuka kwa mtumbwi. Mimi siogopi maji, naogopa viboko, na siku hiyo walikuwa wametapakaa kama wageni wa harusi waliowahi kabla ya chakula. Nilimwuliza mwenye kasia, mtu mzima aliyekuwa akitafuna muwa bila wasiwasi, kama hao ni viboko wa kwetu au wa wenzetu.

"Kulala wanalala Msumbiji," alisema, "kula wanakula mashamba ya Tanzania."

"Na hawasumbuliwi?"

"Nani atawaomba karatasi, bibi? Omba wewe."

Ng'ambo ya pili ndipo nilipoombwa karatasi mimi. Ofisa wa mpakani alikuwa kijana safi, shati limenyooka, mtu wa kusini kabisa mwa nchi ile ambaye Kiswahili hakijui hata cha kuombea maji. Kireno changu nacho kinaishia kwenye salamu. Mkalimani wetu alikuwa mama aliyekuwa akiuza mihogo ya kuchemsha mbele ya ofisi, na naona ndiye aliyekuwa akiiendesha ofisi ile kwa kweli.

"Anauliza *motivo*," mama wa mihogo alisema. "Umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kumtukana mtu."

Akatafsiri. Yule ofisa akauliza mtu gani.

"Marehemu," nikasema.

Akatafsiri tena. Ofisa akaichukua pasi yangu, akaitazama picha, akanitazama mimi, akairudia picha.

"Anauliza alikukosea nini."

"Hajanikosea kitu. Namtukana kwa sababu tunapendana."

Hapo mama wa mihogo alivuta pumzi, akaongea Kireno kirefu sana huku akiniashiria kwa kisu chake. Ofisa akatikisa kichwa kwa masikitiko, akagonga muhuri, na akanirudishia pasi kwa mikono miwili kama mtu anayempa mgonjwa dawa. Tulipotoka nikamwuliza mama amemwambia nini.

"Nimemwambia wewe ni ndugu wa marehemu," alisema, "na huzuni imekupanda kichwani. Mpaka sasa sijasema uongo."

Nikanunua muhogo wake, ilikuwa haki yake.

Kutoka Namoto, pale mpakani, kwenda Kionga nilipanda mota, ndivyo wanavyoiita pikipiki, ya bwana mmoja aliyevaa jezi ya timu ya Dar es Salaam. Alijua majina ya wachezaji hadi wa akiba, alijua nani ana goti bovu, na alinitaka nimweleze kwa nini kocha alimtoa yule wa kushoto. Nilimwambia mimi nauza kanga. Akaniambia watu wa Tanzania tuna neema na hatuijui. Redio yake ya simu ilikuwa inapiga muziki wa kwetu, mifuko ya unga iliyofungwa kwenye mota zilizotupita ilikuwa ya kwetu, na askari waliotusimamisha njiani, wageni wa nchi nyingine waliokuja kulinda baada ya vita, walinisalimu kwa Kiswahili cha huko kwao, kilichonyooka kupita changu. Kwa muda nilijiona kama sijasafiri.

Kisha zikaanza kuta. Nyumba zilizoungua zilikuwa zimesimama bila paa, mapapai yameota vyumbani, na kando yake mabati mapya yanang'aa na watu wanapara mihogo. Kwenye kizingiti cha nyumba ambayo haikuwa tena nyumba mtu alikuwa ameanika nguo za watoto. Dereva aliacha kuongea mpira. Niseme ukweli, matusi yangu yalianza kunitoka moja moja njiani, na nilipojaribu kuyakusanya niliona aibu. Nilijiuliza kama Momadi hana haki. Mahali watu walipokufa vile, unaingiaje ukicheka?

Nilishuka Kionga mchana, na hapo ndipo nilipofanya ujinga ambao mmekwisha kuusikia, kwa hiyo siwezi kuuficha. Sikuuliza njia. Nitaulizaje njia ya nyumba ambayo nimeiba kuku wake tangu sijavunja ungo? Nilijua imechomwa, ila nilidhani wamejenga pale pale. Nikashika njia yangu ya siku zote, nikapita kisima, nikakata kushoto kwenye mkorosho mkubwa, na pale pale ilipokuwa nyumba ya Mzee Amadi nikaona mikeka imetandikwa. Wanawake wamekaa wamejitanda, wanaume wako kwenye mabenchi, na mbele yao mzee wa kofia nyeupe ameweka mikono magotini, kimya. Msiba mtupu. Aibu yote niliyoipata njiani ikaondoka, damu ya utani ikanichemka. Nikatupa begi.

"Yuko wapi Amadi?" nikapiga ukelele. "Amekufa kweli, au amejificha asininunulie soda? Mtafuteni uvunguni! Mtu alikuwa akihesabu chembe za sukari, atakufaje kabla hajazimaliza?"

Hakuna aliyenijibu. Nikaona hii ndiyo huzuni yenyewe, niongeze bidii. Nikapita katikati ya wanawake, nikajilaza chali mbele ya yule mzee wa kofia, nikanyoosha miguu na kufumba macho.

"Mimi ndiye Amadi," nikasema kwa sauti nzito. "Nizikeni na bakuli langu la sukari. Msilionje!"

Nikafungua jicho moja. Mzee wa kofia alikuwa ameniinamia.

"Mama," alisema kwa upole, "hii ni *reunião*, mkutano wa mtaa. Tunagawa vyandarua."

Alikuwa katibu wa mtaa. Nyuma yake, nilipoinua kichwa, niliona marundo ya vyandarua vipya kwenye mifuko yake. Sijui ningefanya nini kama mwanamke mmoja asingepiga vigelegele. "Ntani!" alilia. "Ntani wa Amadi huyu, wa Ntwara!" Na uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko, wanaume wakapiga mapaja, mzee mmoja akaomba nirudie kipande cha sukari. Hawakuhitaji mama wa mihogo kuwatafsiria. Katibu aliniuliza kama nami nataka kuandikwa nipate chandarua. Ndipo walipoeleza kwamba nyumba ile haikujengwa tena pale. Familia ya Mzee Amadi ilikuwa imehamia ng'ambo ya msikiti, na kiwanja chao wamekiachia mtaa. Wanawake walinisindikiza kiasi, wanacheka, wanajipangusa macho kwa ncha za kanga. Nilifurahi sana. Nilidhani kazi imeanza vizuri.

Lakini kicheko kina miguu kuliko mimi. Nilipofika, Momadi alikuwa amesimama mlangoni ananisubiri. Ni mrefu kama baba yake, na siku hizi ana miwani.

"Dada Zuhura," alisema. "Tumeshakusikia."

Nikajaribu kumwambia miwani yake ni mikubwa kuliko akili yake, kama ninavyopaswa. Aliinua mkono, bila hasira.

"Hapana. Hayo hapa hapana. Watu wa hapa wamezika sana, na wengine wao hawakupata hata wa kuzika. Mimi sikufukuzi. Ukitaka kukaa, karibu, ila ukae kama watu."

Alichosema nilikuwa nimejiambia mwenyewe juu ya mota. Basi nikaingia nikakaa kama watu. Nilikunja miguu, nikajitanda vizuri, nikasema poleni sana, Mungu amlaze mahali pema. Wakasema ahsante, tumeshapoa. Nikauliza hali za watoto, nikaambiwa hawajambo. Mwanasha aliniletea wali kwenye sahani ya peke yangu, na juu ya wali alikuwa ameweka kijiko. Miaka yote nimekula kwenye sinia moja nao, tunapigana vikumbo vya kugombea ukoko. Nilikitazama kijiko kile kuliko nilivyoutazama wali. Mwanasha naye hakunitazama usoni.

Alasiri wakanipeleka chumbani kwa mjane, Bi Atija, aliyekuwa edani. Alikuwa amekaa chini, amejifunika, wanawake wa nyumba wamemzunguka. Bi Atija huyu tangu niko mtoto hajawahi kunisalimu. Salamu yake kwangu ni, "Umekuja kuiba nini leo?" Nami humjibu, "Nimekuja kukuiba wewe, ila naona umeoza." Basi ndivyo tulivyokuwa tukijuliana hali, na kama kuna mtu ananipenda ng'ambo ile ya mto, ni yeye. Nikapiga magoti mbele yake, nikangoja.

Akatazama mlangoni, mahali mwanawe alipokuwa akipita. Kisha akatazama sakafu.

"Karibu, mgeni," alisema.

Nililia. Sikudondosha chozi moja nikalifuta. Nililia kwa sauti, kamasi zinatoka, mabega yanaruka. Kwenye nyumba ile nimeitwa mchawi, mwizi, mla nguruwe na mke wa jini, na sikuwahi kuumia. Neno mgeni lilinichoma. Nilimlilia Mzee Amadi hapo hapo, nikamlilia na baba yangu, ambaye sikupata kumlilia vizuri kwa ajili ya kucheka. Nilijua ni mwiko, nikashindwa.

Kisha Bi Atija akainua kichwa polepole.

"Analia?" aliuliza. "Nani anayelia? Ntani?"

"Ntani analia!" mwanamke mmoja akapiga kelele. "Ntani analia nsibani!"

Nadhani hata wale waliokuwa wamekwisha kusahau sheria waliikumbuka kwa mara moja. Mtani akilia kwenye msiba wa watani zake, amekufa huyo, naye azikwe. Kabla sijafuta pua, Mwanasha alikuwa ameshavuta mkeka ukutani. Wakanilaza, wakanifunika gubigubi, vidole vya miguu tu vikabaki nje. Mmoja akasema nigeuziwe kibla, mwingine akasema mchawi hana kibla, mgeuzieni jikoni. Nikawasikia wanakaa kunizunguka, na Bi Atija akaanza kuniombolezea kwa sauti ya juu, anasema marehemu alikuwa na miguu mibaya tangu kuzaliwa.

"Alikuwa mwizi!" mwingine akadakia. "Mwizi wa kuku!"

Mlango ukagonga ukuta. Nikajua ni Momadi, kwa jinsi kelele zilivyokatika.

"Acheni," alisema. "Msimsingizie."

Mimi, chini ya mkeka, nikafumba macho. Nilijiambia, basi, hapa ndipo mwisho. Nitafufuliwa, nitapewa kijiko changu, nitakwenda zangu, na nikileta kanga tena tutapatana bei kama watu wasiojuana.

"Hakuwa mwizi," Momadi aliendelea, kwa sauti ile ile ya darasani. "Mwizi huchukua kitu akajificha. Huyu alichukua kuku mchana, mbele ya watu, na wiki ya pili akapiga simu kulalamika kwamba kuku alikuwa amekonda. Huyo si mwizi. Semeni alikuwa hana haya."

Kisha Bi Atija alicheka, kicheko kidogo, cha puani.

"Mwongo, hilo ni kweli," Momadi akasema. Nilisikia anakaa chini. "Alimletea mama kanga akaapa haichuji. Tukavaa mashati ya waridi mwaka mzima, shule nzima ikatuita maharusi."

"Mliiloweka na dawa ya madoa!" nilisema chini ya mkeka.

"Maiti hajibu," Momadi alisema. "Na alikuwa mchoyo wa muda wake. Tulipokuwa Pemba, wakati hatujui kesho, kila Ijumaa alimpigia baba simu. Hakuuliza hali. Alikuwa akiuliza, 'Mmekufa?' Baba anamwambia, bado. Naye anamwambia, 'Fanyeni haraka basi, mimi nina duka la kufungua.'"

Wanawake walikuwa wanalia na kucheka pamoja, nikasikia mtu anapiga sakafu kwa kiganja. Momadi alipoendelea, sauti yake ya darasani ilikuwa imekwisha.

"Baba alikuwa akikata simu anatuambia, leo tutakula vizuri. Hatukuwa na chakula zaidi ya cha jana. Ila alikuwa akila." Akakohoa. "Hayo yote ni kweli. Sikuongeza kitu."

Akaushika mkeka, akaufunua mwenyewe. Macho yake nyuma ya miwani yalikuwa mekundu.

"Inuka," aliniambia. "Sema ya baba. Ila useme kweli tupu, nipo hapa."

Nikainuka, nikasema. Matusi yote niliyokuwa nimeyapanga njiani hayakunifaa kitu, kwa sababu yalikuwa ya kutunga, na yule bwana wa hesabu alikuwa amekaa mbele yangu amekunja mikono. Nilitembea mwendo wa Mzee Amadi, bega moja mbele kama anayesukuma mlango. Nikawakumbusha alivyokuwa akimwamkia kila polisi *bom dia*, ile salamu ya asubuhi, awe amekutana naye asubuhi au baada ya magharibi, kwa kuwa ndilo neno la Kireno alilolilipia mafunzo. Nikawaonyesha alivyokuwa akiketi juu ya kopo la sukari wageni wakija, akidai mgongo unamwuma na kiti kile ndicho kinachomfaa. Momadi alinisahihisha mara moja: kopo lilikuwa la bluu. Mwanasha alitoka nje akarudi mara mbili, hawezi kupumua. Bi Atija alikuwa ameficha uso kwenye kanga, mabega yanatikisika, nikaogopa nimempeleka pabaya. Akaufunua uso umelowa.

"Nipikieni chai," alisema. "Na sukari tieni nyingi. Mwenyewe hayupo."

Arobaini ikasomwa kesho yake, kwa utaratibu na heshima, Momadi akiongoza dua. Mimi nilikuwa jikoni na masufuria, mahali pangu, na kila aliyepita aliniambia kitu ambacho siwezi kukiandika hapa. Jioni nilikula kwenye sinia. Ukoko aliuchukua Mwanasha, alinipiga kiwiko cha haki kabisa.

Nilipoondoka, mzigo wangu ulikuwa mzito kuliko nilivyokuja: mikeka ya Kionga, pweza mkavu, na jogoo mmoja niliyemkamata uani mbele ya Momadi, mchana kweupe, huku akinitazama. Alinishikia mlango. Alinisindikiza mpaka kwenye mota, akanifungia mizigo kwa kamba, akaijaribu kamba, akaifungua akaifunga upya.

"Mtani," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza la namna hiyo kwangu. "Ukifa, utuarifu mapema. Njia yetu unaiona ilivyo, na mimi sipendi kufika msibani nimechelewa."

Nikamwambia ataanza yeye. Akasema kwa umri hesabu haikubali.

Mnaniuliza nimejifunza nini huko. Nimejifunza kuuliza njia, hilo la kwanza. La pili, nilidhani nimekwenda kuwaokolea wenzangu utani, kumbe wao ndio walionizika mimi nikafufuka. Na nyumbani kwangu nimetoa wosia wangu, ingawa wanangu wanasema ni uchuro. Nikifa, kabla ya kununua sanda, mpigieni simu Momadi wa Kionga. Mngojeni, hata kama njia imekatika na kivuko kimelala. Akifika mpeni koti langu. Atayasema mambo yangu mbele ya watu wote, yatakuwa mabaya na yatakuwa kweli, na asithubutu mtu kumkatiza.